Maswali yenu: Kazi iko kwenye laptopu, kibali je?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu hizi viza za watu wanaofanya kazi mtandaoni huku wanaishi nchi nyingine, na toka hapo meseji hazijakatika. Nimechukua zile zinazowagusa wengi na zile ambazo naona kabisa mtu akikosea ataumia mfukoni au atachafua paspoti yake. Kuhusu viwango vya pesa nimeweka mwaka pembeni makusudi, maana nchi nyingi wamefunga kiwango chao kwenye kima cha chini cha mshahara, kikipanda na wewe umepandishiwa, kwahiyo kabla hujalipa hata senti ingia tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji wa hiyo nchi usome cha mwaka huu.

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni grafiki dizaina niko Mwanza, wateja wangu wako Australia na Marekani, kwa mwezi napata kati ya dola 1,200 na 1,600 inategemea. Nimeona video nyingi TikTok wanasema Ureno wanatoa viza kwa watu wa online na ukikaa kaa unapata paspoti. Nina akiba kama dola 5,000. Nianzie wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, kupata wateja wa Australia ukiwa Mwanza na bando zetu hizi na umeme unaokatika sio jambo dogo. Sasa nikwambie mapema usije ukauza kitu: kwa kipato hicho Ureno bado. Ile viza ya kwenye video inaitwa D8, ilianza Oktoba 2022, na sharti lake kubwa ni uwe unaingiza angalau mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa kule. Kwa 2025 kima cha chini kilikuwa euro 870, mara nne unapata euro 3,480 kila mwezi, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu ya mwisho, yaani ule mwezi mmoja uliopata kazi nono haukuokoi. Hapo ni wewe peke yako, ukiwa na mke na watoto kiwango kinapanda. Halafu wanadai na cheti kinachoonyesha wewe ni mlipakodi wa nchi gani, kwahiyo kama TRA hawakujui na hapo pia unakwama. Na ile ya kuhamia kabisa unaingia na viza ya miezi minne, ndani ya hiyo miezi minne ndo unaenda kuomba kibali chenyewe cha ukaazi cha miaka miwili. Habari ya paspoti iko mbali sana, weka pembeni.

Kabla ya kuangalia pesa uwe unaangalia kwanza nchi imeandika paspoti zipi, hili watu wengi wanaliruka. Cape Verde kwa mfano wana programu yao lakini ni ya watu wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazoongea Kireno na za Afrika Magharibi, sisi wa huku hatumo. Uturuki vilevile, orodha yao ni Ulaya na Marekani na Canada na majirani wachache. Utajaza fomu weee, picha, bima, mwisho unaambiwa uraia wako hauhusiki.

Sasa zilizo karibu na uwezo wako. Mauritius wana Premium Visa toka 2020, wanataka dola 1,500 kwa mwezi, inakaa mwaka mmoja na unaweza kuongeza, na maombi ni bure kabisa kwahiyo mtu akikwambia kuna ada ya serikali ya kuomba ujue anakula hela yako. Sharti ni kwamba pesa itoke nje ya Mauritius na usiingie kwenye ajira za kwao. Anza na orodha yao ya nchi alafu uje kwenye kipato. Wewe hapo uko kizingitini, mwezi wa 1,600 umepita mwezi wa 1,200 umeanguka. Namibia wanataka dola 2,000 kwa mwezi na unakaa miezi sita tu. Malaysia wana mpango unaitwa DE Rantau toka 2022, dola 24,000 kwa mwaka kwa watu wa fani za kidijitali na kazi za kubuni kama yako zimo. Thailand wao walikuja na DTV Julai 2024, ile inaangalia zaidi akiba, baht 500,000 ambazo ni zaidi ya dola 14,000, viza inaishi miaka mitano na kila ukiingia unapewa siku 180. Ukifikia huko usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sisi tunaotoka Tanzania na Kenya wanakidai.

Ila mwanangu mi nataka tuongee zaidi kuhusu hilo neno lako "inategemea", maana hapo ndo vijana wengi wenye hela halali kabisa wanapoangushwa. Pesa inaingia kwenye akaunti ya lile jukwaa la kazi, kutoka huko inaenda kwenye simu, kutoka kwenye simu kwa wakala, na nyingine unaiacha huko huko unalipia programu zako. Ofisa wa ubalozi hajui hayo yote, yeye ana stetimenti ya benki mbele yake na anaona laki tatu, laki nane, laki na nusu, zote zimewekwa na jina lako mwenyewe. Hiyo kwake sio mshahara. Fungua akaunti ya dola, pesa ziingie moja kwa moja, na kila ankara unayomtumia mteja iwe na namba na tarehe. Unatakiwa ufike mahali ambapo mtu asiyekujua anaweka kidole kwenye mstari wa stetimenti unaosema dola 650 tarehe 3, alafu anafunua karatasi ya pili anakuta ankara ya dola 650 kwa mteja huyo huyo ya wiki iliyotangulia, na karatasi ya tatu ni mkataba na huyo mteja umesainiwa pande zote mbili. Ukiwa na miezi sita ya karatasi za namna hiyo una nguvu kuliko mwenzako anayeingiza dola 3,000 za juu juu.

Wateja wako wawili wakubwa waombe mkataba wa mwaka mzima hata kama kiasi ni kidogo, na wakuandikie barua fupi kwamba kazi unaweza kuifanya ukiwa popote. Sajili jina la biashara BRELA, chukua TIN, anza kutoa ritani. Hizo dola 5,000 ziache benki zitulie. Hayo yote unayafanya ukiwa hapo hapo Mwanza bila kulipa ajenti.

SWALI: Habari yako mwandishi. Mimi ni developa hapa Nairobi, niko na kampuni ya Berlin mwaka wa tatu sasa, wananilipa kama kontrakta euro 3,300 kwa mwezi. Tunataka kuhamia Valencia na bibi yangu na mtoto mmoja. Bosi amesema yeye hana shida bora kazi ifanyike. Kuna kitu naeza kosa kuona hapo?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Nzuri kaka, na umefanya vizuri kuuliza kabla hamjafunga mabegi. Vipo vitu viwili, cha kwanza hesabu na cha pili huyo bosi.

Uhispania walipitisha sheria yao Desemba 2022, sheria namba 28 ya mwaka huo, na ndani yake ndo kuna hii viza ya kazi za mbali. Kiwango ni mara mbili ya kima cha chini cha kwao, kwa 2025 ilikuwa kama euro 2,763 kwa mwezi. Wewe peke yako unapita bila wasiwasi. Lakini mtu wa kwanza unayemleta anaongeza asilimia 75 ya kima cha chini, hapo ni kama euro 1,036, na mtu wa pili anaongeza asilimia 25, kama 345. Jumla ya familia yako ni karibu euro 4,144. Una pengo la zaidi ya euro 800 na hakuna barua ya kujieleza itakayoliziba. Kwahiyo ama uongee na Berlin waongeze, ama utafute mteja mwingine wa nje ya Uhispania, ama utangulie wewe familia ifuate baadae. Wateja wa ndani ya Uhispania unaruhusiwa lakini wasizidi asilimia 20 ya kazi yako.

Hayo mengine unayo: kampuni iwe imeishi angalau mwaka mmoja, wewe uwe umefanya nao kazi angalau miezi mitatu, uwe na digrii au uzoefu wa miaka mitatu. Cheti cha tabia njema unakiomba kupitia eCitizen, alafu karatasi zote zisizo za Kihispania zinataka tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, na vyeti vya serikali vinapita wizara ya mambo ya nje kabla ya ubalozi. Panga muda wa hayo, yanakula wiki.

Sasa bosi. "Mimi sina shida" ni maneno mazuri ila hayaingii kwenye faili. Unataka barua yenye kichwa cha kampuni inayosema wanakuruhusu kufanya kazi ukiwa Uhispania, cheo chako, malipo yako, na kampuni ilianza lini. Na kuna suala la hifadhi ya jamii ambalo watu wengi wanaligundua wakishafika: nani anakuchangia? Kwa kuwa wewe ni kontrakta itabidi ujisajili kule kama mtu aliyejiajiri, wao wanaita autónomo, na uchangie mwenyewe. Mwaka wa kwanza kuna unafuu, kama euro 80 kwa mwezi, baadae inapanda kulingana na kipato. Weka hilo kwenye bajeti yenu kabla ya kodi ya nyumba.

Utasikia watu wanasema ukiombea ndani ya Uhispania unapewa kibali cha hadi miaka mitatu wakati ubalozini unapewa viza ya mwaka mmoja. Ni kweli kisheria. Lakini Mkenya ili awe ndani lazima awe ameomba viza ya Schengen, ile viza moja ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, na ukiwa umemwambia ofisa unaenda kutalii wiki mbili alafu unaibuka na faili la kuhamia, mi naona unajenga nyumba kwa msingi wa maneno ambayo hayakuwa kweli. Ombea Nairobi. Mwaka mmoja unaongezwa vizuri tu.

Na ngoja nikuulize, mbona hujawauliza Berlin wakupeleke Berlin? Kama kweli wanakuthamini waambie wakuajiri rasmi kwa EU Blue Card, kile kibali cha Ulaya cha wafanyakazi wenye ujuzi. Kwa watu wa IT kiwango cha 2025 kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka, wewe sa hivi uko 39,600, sio mbali. Hata bila digrii mtu wa IT mwenye uzoefu wa kutosha anaruhusiwa. Bibi anaruhusiwa kufanya kazi, na baada ya miezi 27 mnaweza kuomba ukaazi wa kudumu, ukijua Kijerumani kiwango cha B1 ni miezi 21. Valencia kuna jua, sikatai, ila kwa familia yenye mtoto mdogo mi ningeanza na swali hilo.

SWALI: Mi nina kadi ya e-Residency ya Estonia, nililipia na nikaifuata mpaka nikaipata. Sasa nataka kuhamia Tallinn, nahitaji viza tena au kadi inatosha?
Msomaji, Arusha

JIBU: Kadi haitoshi ndugu yangu. Ile Estonia waliianzisha Desemba 2014 ili mtu aliye nje aweze kufungua kampuni kwao na kusaini nyaraka kwa mtandao, basi. Haikupi haki ya kuingia wala kuishi wala sio paspoti ya Ulaya, hata kwenye foleni ya uwanja wa ndege haina kazi. Viza ya wafanyakazi wa mbali wanayo ila ni kitu kingine kabisa, ilianza Agosti 2020, na kiwango chake walikipandisha mpaka euro 4,500 kwa mwezi kabla ya kodi, wanaangalia miezi sita nyuma. Kadi yako itumie kwa kampuni, ankara zako zitakuwa na sura nzuri kwa wateja wa Ulaya, na hilo nalo ni faida.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni Mzanzibari, nipo Dubai kwa viza ya mume wangu. Nahariri video za kampuni moja ya London, wananilipa pauni 1,900 kwa mwezi kwenye akaunti yangu ya huku. Mume wangu ana wasiwasi kama ni halali. Kuna ajenti ananiambia ninunue free visa ya miaka miwili nitakuwa huru kufanya kazi yoyote. Nishaurini.
Msomaji, Dubai

JIBU: Wa aleikum salaam dada yangu. Mume wako wasiwasi wake ni wa haki na huyo ajenti muepukeni, nitaanza na yeye.

Hakuna kitu kwenye sheria za Imarati kinaitwa free visa. Kinachouzwa ni hivi, kuna kampuni au mtu anakuandika kwenye karatasi kuwa ni mfanyakazi wake, kumbe hakuna kazi wala mshahara, we unamlipa yeye alafu unatoka kwenda kutafuta riziki yako kwingine. Kisheria unaruhusiwa kumfanyia kazi yule aliyeandikwa tu. Mwaka 2024 adhabu kwa anayeajiri watu bila kibali sahihi zilipandishwa, zinaanzia dirham 100,000 mpaka milioni moja, na mwenye kampuni akibanwa wa kwanza kutupwa nje ni wewe. Wengi wa dada zetu na kaka zetu kutoka Pemba, Mombasa, Dar, wamekula hasara hapo, analipa pesa nyingi, baada ya miezi michache kampuni inafungwa au mdhamini anamripoti kuwa ametoroka kazini, ndo basi, hata kubadilisha kazi inakuwa kesi. Nasema hili kwa uchungu maana wauzaji wenyewe mara nyingi ni watu wetu, anakuongelesha Kiswahili kizuri na shikamoo mama juu.

Sasa njia zako halali. Ya kwanza ni viza ya kazi za mbali ya Imarati, ya mwaka mmoja, ila wanataka dola 3,500 kwa mwezi na mkataba na kampuni ya nje. Pauni 1,900 haifiki. Ya pili ndo naona inakufaa, ni kibali cha kujitegemea, freelance permit, kutoka maeneo huru ya biashara (free zone) ya Dubai. Kuhariri video kumo kwenye fani za habari ambazo wanazitolea kibali, ada imekuwa dirham 7,500 kwa mwaka, na kwa kuwa tayari unaishi kwa viza ya mume huna haja ya kununua viza nyingine, unabaki chini yake alafu unaleta barua yake ya kutokuwa na pingamizi. Wakikupa kibali unafungua akaunti ya biashara, ile kampuni ya London inalipa kule, na mume wako analala usingizi. Dirham 7,500 sio ndogo lakini ni chini ya mshahara wako wa mwezi mmoja kwa mwaka mzima. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya eneo huru, usitume mtu.

SWALI: Mi naona hizi viza zote mnazoandika ni za matajiri. Nikiingia Ulaya na viza ya kitalii na laptopu yangu, nakaa Airbnb nafanya kazi yangu, simnyang'anyi mtu ajira, nani atajua?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Bro nakuelewa, na kuhusu matajiri una pointi kubwa. Viwango hivi vimepangwa na watu wanaofikiria mshahara wa San Francisco, na kijana wa Mombasa mwenye kipaji kile kile anaachwa nje kwa sababu mteja anamlipa robo. Hilo linaniuma na sitaacha kulisema.

Lakini kwa swali lako la nani atajua. Toka 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen wameanza mfumo mpya unaochukua alama za vidole na picha yako kila unapoingia na kutoka, ule mchezo wa kutegemea muhuri uliofifia unaisha. Una siku 90 ndani ya kila siku 180, kompyuta inazihesabu yenyewe. Na ukinyimwa viza au ukifutiwa, rekodi inakaa kwenye mfumo ambao balozi zote za Schengen wanaufungua, kwahiyo umejifungia Ufaransa na Italia na Ugiriki kwa mpigo mmoja. Ada yenyewe toka Juni 2024 ni euro 90 na hairudi. Kujibu barua pepe mbili ukiwa likizo hakuna atakayekusumbua, ila kuhamisha maisha yako yote kwa viza ya mapumziko hapo unacheza na paspoti ambayo tayari inapata shida kuaminiwa.

Kuna nchi mbili zimeliweka wazi hili na ndo maana napenda watu wasome kanuni zenyewe. Canada wanasema mgeni anaweza kukaa hadi miezi sita akifanya kazi ya mwajiri wa nje ya Canada, viza ya kawaida ya mgeni inatosha. Uingereza toka 31 Januari 2024 mgeni anaruhusiwa kufanya kazi yake ya nyumbani kwa mtandao mradi hiyo isiwe ndo sababu kuu ya safari. Kwahiyo kama unaenda kwenye harusi ya dada yako Leicester na utafanya kazi kidogo jioni, sema hivyo hivyo ukiulizwa. Ofisa wa mpakani akikuuliza unafanya kazi gani, jibu kazi yako, usijifanye mkulima. Wanaweza kukuomba ufungue laptopu, na meseji zako na wateja ziko humo.

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nimehamia Kigali, nafanya kazi na kampuni ya Canada. Intaneti huku iko vizuri nataka nibaki. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anahitaji kibali kweli?
Msomaji, Kigali

JIBU: Kwa kukaa tu kama mgeni unapewa hadi miezi sita bila viza, hiyo ni faida ya Jumuiya. Ukitaka kubaki zaidi unahitaji kibali, itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inakupa haki ya kuingia na kufanya kazi ila haikuondolei karatasi. Nenda uhamiaji wa Rwanda kabla miezi sita haijaisha, chukua na mkataba wako wa Canada, waeleze mwajiri yuko nje. Usikae kimya ukisubiri muda uishe ndo uanze kujieleza.

Kwa walioko Kenya kumbukeni toka 2024 kuna kibali cha daraja N cha wanaofanya kazi za mbali, na wale wa Afrika Kusini wana viza yao, kiwango ni zaidi ya randi 650,000 kwa mwaka.

SWALI: Nina nyumba Dar, familia iko Dar, ila mwaka mzima nazunguka, Dubai miezi mitatu, Malaysia miezi mitatu. Mteja wangu ni wa Marekani na ananitumia fomu za kodi. Je kodi yangu inalipwa wapi? Wenzangu wanasema ukizunguka hudaiwi na mtu.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Wenzako wanakupoteza kaka. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania inakuhesabu mkaazi kama una makazi ya kudumu nchini na ukawepo hata sehemu tu ya mwaka. Una nyumba, una familia, umerudi kula Idi nao, umeshakuwa mkaazi. Hata asiye na nyumba, akifikisha siku 183 ndani ya mwaka anahesabiwa, na akiwa na wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia pia anahesabiwa. Mkaazi anatangaza mapato yake ya nje pia. Kwahiyo kwako jibu ni TRA.

Fomu ya Mmarekani nadhani ni W-8BEN, usiiogope. Hapo unathibitisha tu kwamba we sio raia wala mkaazi wa Marekani, na kazi uliyoifanya mwili wako ukiwa nje ya Marekani haihesabiwi kuwa pato la kule. Jaza kwa jina lile lile la kwenye paspoti, weka TIN yako, rudisha. Usipoirudisha mteja anaweza kukukata asilimia 30 kwa tahadhari.

Mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili Tanzania tunayo tisa tu: Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Marekani haimo, Imarati haimo, Malaysia haimo, Ureno na Uhispania hazimo. Maana yake siku ukiamua kutulia nchi moja zaidi ya miezi sita, Uhispania kwa mfano, wao nao watakuhesabu ni wao na hutakuwa na mkataba wa kukukinga, utabaki na unafuu wa sheria ya ndani wa kukatiwa kodi uliyolipa nje. Kabla ya kufika huko kaa na mhasibu anayejua mambo ya kimataifa, hiyo ni hela ndogo ukilinganisha na faini.

Kwa sasa fanya haya: piga picha kila ukurasa wa paspoti wenye muhuri, tunza tiketi zote, na Januari ukiwa Dar pita TRA uombe cheti cha ukaazi wa kikodi. Ndo kile kile kijana wa Mwanza atakachodaiwa na Ureno, na benki za nje nazo zimeanza kukiulizia.